Fundo la Kambini

Kamba ilichomoka mara ya tatu, mwigizaji akabaki anacheka, mikono hewani.

"Mateka gani huyu?" mpiga picha akasema. "Atafika kwao kabla watekaji hawajaamka."

Mwongozaji hakucheka. Alikuwa anatengeneza filamu ya wanawake waliotekwa na waasi wakarudi, na kila kitu alikitaka kama kilivyokuwa. Ndiyo maana alimwita huyu waliyembandika jina Mama Mshauri, aliyeishi kambini miaka mitatu.

Yeye Mama Mshauri macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Alikuwa ameambiwa asubuhi hiyohiyo: saa nne anakuja mwenzake wa kambi ileile. Hawajaonana tangu warudi. Wakikutana, kamera itakuwa inawaka.

"Baba, niache niende," alimwambia mwongozaji. "Kichwa kinanigonga."

"Dakika kumi tu, mama. Gari lenyewe ndilo limekwenda kumchukua."

Dirisha limezibwa kwa kitambaa cheusi, mlangoni wamesimamisha taa mbili kubwa. Aende wapi? Akapiga magoti nyuma ya mwigizaji, angalau mikono ipate kazi. Akazungusha kamba, akaipitisha katikati ya viganja, akavuta.

"Shangazi, polepole. Nitaacha mkono hapa."

"Ukiweza kuchezesha hata kidole, haijakaa."

Msichana akajaribu. Wapi. "Mh. Na hili fundo uliliona saa ngapi, si mlifungwa kwa nyuma?"

"Tulia, mwanangu."

"Hapo hapo," mwongozaji akanong'ona, uso umemchanua kama bwana harusi. "Hiyo ndiyo kweli yenyewe."

Nje gari likazimwa. Mama Mshauri akaanza kufungua, vidole vikagoma. Fundo lilikuwa limekaa barabara. Mwongozaji akamshika bega.

"Acha hivyohivyo, mama. Simama hapa kwenye mwanga. Mkikumbatiana, msiangalie kamera."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mwembamba wa gauni la kijani akaingia, anamtabasamia kila mtu, mpaka macho yake yakamfikia Mama Mshauri.

Hakumkumbatia. Hakulia. Tabasamu lilimpotea, na taratibu, kama mtu aliyefikiwa na zamu yake, akageuka, akampa mgongo, akaweka mikono nyuma na kukutanisha viganja.