Nyuki Anayerudi

Mama Milembe alishindwa kuutoa ule uvumi kichwani: mtoto atakayepandisha bendera mpya ya kijiji atahama asirudi tena. Na aliyechaguliwa ni Milembe wake.

Nembo ya bendera hiyo ilichorwa mzinga na nyuki anayeuacha. Mshonaji alikuwa mama huyohuyo, basi akamgeuza nyuki kuelekea mzingani.

"We mama, mbona nyuki kageuka?" jirani alimtania.

"Kachoka kuzurura. Anarudi kwao."

Bendera ikapanda. Upepo uliipindua huku na huku, nyuki bado akawa anarudi. Mama akacheka, moyo umetulia. Milembe alikuwa akitazama bendera, au pengine barabara iliyo nyuma yake. Mama akayafuata macho yake hadi barabarani.

"Mwanangu, usiachie kamba. Usipande gari la usiyemjua. Usichelewe kula."