Kiputo cha Pimamaji

Beryl alipandisha gurudumu la kushoto la karavani, nyumba ndogo ya likizo inayokokotwa na gari, juu ya kabari pale kambini, akatoa kichwa kwenye dirisha la gari. "Len! Kiputo cha pimamaji kimekaa katikati?"

Len, mumewe, alizikwa mwezi Machi, lakini kambi nzima ilikuwa ikimtazama Beryl, naye hakutaka wajue: huruma ya majirani huja na keki kavu.

Mzee wa karavani jirani akasogea na kikombe chake cha chai. "Bwana kalala, mama?"

"Wapi! Masikio yake mapambo tu."

Mzee akachungulia ndani ya karavani: pimamaji sakafuni, kitandani mto mmoja. Akapiga funda la chai, taratibu.

"Bwana anasema bado upana wa kidole kimoja," akatangaza kwa sauti ya kusikika kambi nzima. "Mbele, polepole."

Beryl akaachia breki.