Ripoti Yenye Jina Moja

Karatasi arobaini na moja zilitoka kwenye printa ya ofisi zikiwa bado na joto, na Desimali akazipanga mezani, ya kwanza mpaka ya mwisho. Leo Mkuu wa Kitengo atamtambua.

Desimali lilikuwa jina la utani. Wenzake wa kitengo cha takwimu walimbandika kwa sababu hakuacha nukta ya mtu ipite bila kuisahihisha. Alikuwa mchambuzi hodari, na hakuna aliyelijua hilo kumzidi yeye mwenyewe.

Karatasi zile zilikuwa kumbukumbu za programu ya takwimu: kila amri iliyoandikwa, tarehe yake, saa yake na jina la aliyeiandika. Jina lake yeye. Mkuu hakuijua programu ile hata kidogo. Mzee wa watu alikuwa bado anang'ang'ania ile ya zamani, ya kulipia, ya kubofya vitufe. Desimali ndiye aliyesema wahamie kwenye hii ya bure. Ndiye aliyehamisha data ya wagonjwa mia tisa wa hospitali, na ndiye aliyetoa ripoti kwa siku tatu wakati Mkuu angetaka wiki tatu.

Na ripoti ikafanyiwa kazi. Ilionyesha kwamba wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka arobaini na tatu, na wakubwa hawakungoja: wodi ya watoto ikafungwa, vitanda vikapelekwa kwa watu wazima. Ni lini takwimu za kitengo kile ziliwahi kusikilizwa namna hiyo? Jalada lilikuwa na majina mawili, la Mkuu na la kwake. Mama yake aliweka nakala sebuleni, wageni waione.

Wiki sita baadaye Desimali akaifungua ripoti ileile kwenye tovuti ya ofisi, akakuta jina moja tu. La Mkuu.

Hasira zilimpanda. Hakwenda kumuuliza. Kumuuliza mwizi kwa nini ameiba ni kumpa nafasi ya kutunga uongo, ndivyo alivyomwambia mama yake.

"Mwanangu, huyo mzee si ndiye aliyekufundisha kazi? Muulize tu."

"Simuulizi, mama. Namsubiri."

Akasubiri kweli. Akawa anamwamkia asubuhi vizuri tu, anamletea faili zake, huku moyoni anamhesabia siku. Hadi asubuhi hii, sekretari aliponong'ona kwamba kuna kamati kutoka makao makuu inakaa kwa ajili ya ripoti ile. Mkuu ameitwa mara ya tatu, na leo amevaa suti.

"Wanampa nini?" Desimali akauliza.

"Mimi nitajuaje, dada? Nasikia tu leo wanamaliza."

Wanampa cheo, kitu gani kingine. Cheo kwa jasho lake yeye. Akawaandikia kamati barua pepe: uchambuzi ule si wa Mkuu, ni wangu, na ushahidi ninao. Jibu lilikuja baada ya dakika tano. Njoo nao sasa hivi. Ndipo alipoiwasha printa.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na watu watatu, katikati yao mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani. Mkuu alikaa pembeni, suti ikimpwaya mabegani. Alipomwona Desimali mlangoni akainuka nusu.

"Binti, rudi ofisini," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Anaomba. Wiki nne nzima Desimali alikuwa ameitamani sauti ile, na sasa aliisikia raha yake mpaka kwenye vidole vya miguu. Akapita bila kumtazama.

Mwenyekiti alizipitia karatasi moja moja, hana haraka.

"Aliyehamisha data kutoka programu ya zamani ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyepiga huu wastani?"

"Mimi, mheshimiwa. Peke yangu."

"Mkuu wako hakugusa popote?"

"Huyu? Programu yenyewe hajui inafunguliwa wapi."

Hakuna aliyecheka. Mkuu alifumba macho, na Desimali akamwambia kimoyomoyo, bado, hujaona kitu. Mwenyekiti akamsogezea fomu: nathibitisha kwamba uchambuzi huu ni wangu, na kwamba nawajibika kwa matokeo yake yote. Desimali akatia sahihi palepale, sahihi ndefu kuliko ya kila siku.

"Asante," mwenyekiti akasema, akaweka kidole kwenye ukurasa wa tisa. "Wahojaji waliandika tisini na tisa kwa kila mgonjwa ambaye umri wake haukujulikana. Programu ya zamani ilikuwa imeagizwa iwaruke hao. Hii yako hukuiagiza. Kwa hiyo hapa tuna wazee mia tatu na kumi wa miaka tisini na tisa, na kule hospitali tuna watoto wanaolala kwenye korido."

Desimali akauvuta ukurasa ule, akaupitia mstari kwa mstari.

Mwenyekiti akavua miwani na kumgeukia Mkuu. "Na wewe, mzee wangu, tangu tuanze kuuliza umefuta jina la huyu binti, na mara tatu umetuapia kwamba hesabu hii uliipiga wewe mwenyewe. Haya, nenda nyumbani ukapumzike."