Tarakimu za Mlangoni

Siku hizi mshahara wa mkaguzi wa serikali hupangwa na ofisi aliyoikagua, na tarakimu zake huwaka mlangoni kwake, mtaa mzima usome. Mume wangu Lusajo alikagua idara ya maji, akaandika kwamba visima kumi na viwili ilivyodai kuchimba havipo. Asubuhi mlango wetu ukaonyesha shilingi elfu tisa kwa mwezi.

Jirani yangu, Mama Tumpe, akacheka. “Shoga, hata mimi wa maandazi nakuzidi.”

“Basi nikopeshe matatu.”

Ndani, Lusajo aliniuliza, “Mke wangu, niandike vipo?”

Nilimtazama mtoto akinywa uji usio na sukari. “Havipo.”

Nikachukua kitambaa, nikatoka nje, nikazifuta vumbi zile tarakimu zionekane vizuri. Lusajo alipoithibitisha ripoti yake, zikashuka tena chini ya kitambaa changu: elfu saba. Nikaendelea kufuta.