Jiko la Maandazi

Mji huu haumpi mkimbizi kibali cha karatasi. Kibali chetu kimo ndani ya jiko letu la maandazi, kidude cha manispaa chenye taa ya kijani. Jiko likipoa, taa inageuka nyekundu, na gari la kuturudisha mpakani linakuja. Ndiyo maana mimi na mume wangu tunalala kwa zamu.

Asubuhi mama mkwe alifariki. Kwetu, nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika. Nilimfunika, nikamwomba Mungu anisamehe, nikarudi kukaanga.

Shangazi Nabintu, aliyefika jana kutoka kwetu, alinishika mkono.

“Nenda ukakae na marehemu. Mimi niko hapa.”

Nilidhani ataangalia jiko. Nilikaa chumbani, nikalia kwa mara ya kwanza. Niliporudi, palinuka majivu yaliyolowa.

“Nimeuzima moto, mwanangu,” alisema kwa upole. “Huzuni imekusahaulisha desturi.”

Taa ilikuwa nyekundu. Mume wangu hakumkemea. Alitazama mlango wa chumba alimolala mama yake, kisha akaanza kuwavisha watoto viatu.