Kilio cha Bi Siwema

Sheria ilitaka simu ya kuitia gari la wagonjwa, inayopokelewa na kompyuta, ijaribiwe kwa sauti za watu halisi, na kila mashine ya majaribio inayoipigia igawiwe sauti zake. Tunu, fundi wa majaribio hayo, alikuwa na haraka. Alichukua sauti moja tu, ya mama yake mzazi, akazipa mashine zote. Bi Siwema aliigiza kilio jikoni huku akimenya ndizi, wakacheka mpaka machozi. Kesho yake maelfu ya akina Bi Siwema waliomba msaada kwa mpigo mmoja. Simu ikafaulu, na ikaikariri sauti ile kuwa ni ya majaribio.

Jumapili Tunu alimkuta mama yake amejikunyata kitandani, mkono kifuani.

"Mama, mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga, mwanangu. Wakanishukuru kwa kushiriki jaribio, wakakata."

Tunu alikimbilia gari la jirani, wakampakia mama, lakini ulimi ukawa mzito kusema kweli.

Njiani Bi Siwema alimshika mkono. "Siku ile ulinisifu kwamba nalia kama mgonjwa hasa," alinong'ona. "Safari hii nimekosea wapi?"