Kisu Juu ya Mshipi

Sulisuli aliyenasa kwenye ndoana ya Mwanatumu alikuwa akimkokota, yeye na kayaki yake, kuelekea mlango wa mwamba, ambako mkondo huchukua chombo ukakitupa bahari kuu.

"Shemeji, kata mshipi!" Bwanakheri, ndugu wa marehemu mumewe, alipiga kelele huku akimfukuzia kwa kafi katika kayaki nyingine. "Huyo samaki amekushinda!"

"Nimesikia!"

"Umesikia kwa masikio. Mikono je?"

Mwanatumu alichomoa kisu kiunoni, akakiweka juu ya mshipi.

Mwaka mzima alikuwa amemkasirikia mumewe. Maiti yake iliokotwa ng'ambo ya mwamba huo huo, mshipi umemzonga mkononi, kisu kingali kwenye ala. "Mtu na akili zake anashindwaje kukata?" aliwauliza wote waliokuja kumpa pole.

Samaki aliruka. Pezi lake la mgongo lilifunguka lote, buluu yenye madoa, na kwa kitambo akaning'inia hewani, jicho lake pana likimtazama. Mwanatumu aliusikia mvuto ule ukimpanda mikononi hadi kifuani, mahali ambapo tangu msiba hapakuwa na kitu.

"Mwanatumu! Usinizikishe wawili, mama!"

Mwamba ulimpita kushoto na kulia, maji yakawa meusi chini yake. Kisu kilikuwa bado juu ya mshipi, na mshipi ulikuwa ukilia.